Nimetengeneza "kibuyu" cha kumtembeza kiziwi Kilwa Kisiwani kwa programu huria. Naomba mnikosoe

fundi_kibuyu (mleta uzi)

Wakuu, salaam. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apitilize tu. Kibuyu ninachokisema ni kikopo chenye kompyuta ndogo, kinachorusha video za lugha ya alama kwenye simu za wageni viziwi wanaotembelea magofu.

Mwaka juzi nilikwenda Kilwa Kisiwani na mdogo wangu. Ni kiziwi tangu ana miaka mitatu. Ni fundi seremala, na majengo ya zamani ndiyo ugonjwa wake. Akiona mlango wa kuchonga husimama mpaka umvute mkono. Tulipanda mashua pale Kilwa Masoko, upande wa bara, na mwongozaji wetu, kijana anayeijua historia ya kisiwa kama anayejua ukoo wake. Lawama simpi hata kidogo. Tatizo lilikuwa macho.

Mwongozaji anaeleza, mimi natafsiri kwa mikono. Sasa wewe unayesikia unatazama makuba ya Msikiti Mkuu huku masikio yanapokea habari. Mdogo wangu ana macho mawili, na yote mawili yako kwenye mikono yangu. Akigeuka atazame kuba, habari imekatika. Akirudi kwangu, mwongozaji keshahamia magofu ya Makutani. Tulipofika Husuni Kubwa, kwenye lile bwawa la pembe nane, alinipungia mkono niache. Akakaa ukingoni, kisha akaanza kulipima kwa hatua, pembe hadi pembe. Bwawa alilielewa kuliko sisi wote. Ila aliondoka hajui kwamba lilikuwa jumba la sultani, hajui kwamba Ibn Battuta, yule msafiri wa Morocco, alifika Kilwa mwaka 1331, hajui kwamba dhahabu ya Sofala, kule Msumbiji, ndiyo iliyolipia zile kuta. Kwenye mashua akaniuliza: "Mlikuwa mnaongea nini muda wote ule?"

Swali hilo ndilo lililonitoa usingizi.

Mimi ni mtu wa mitandao ya kompyuta, kwa hiyo nilianzia mahali ambapo mtu wa kompyuta huanzia: pabaya. Niliomba ruhusa nikarekodi maelezo ya mwongozaji mwingine, nikayapitisha kwenye Whisper, programu ya kugeuza sauti kuwa maandishi ambayo OpenAI waliiachia huria mwaka 2022 na inafanya kazi kwenye laptopu bila intaneti. Kiswahili inajitahidi. Lakini Husuni Kubwa ilitoka "usoni kubwa", na Songo Mnara, kisiwa jirani, ikawa "songa mnara". Nikasahihisha kwa mkono siku mbili, nikapiga chapa, nikampa mdogo wangu kwa fahari. Alisoma theluthi akanirudishia. "Hii barua ya serikali," akasema.

Hapo ndipo nilipokumbuka jambo ambalo nimeishi nalo miaka yote na bado nililisahau: Kiswahili cha kuandika kwake ni lugha ya pili. Lugha yake ni Lugha ya Alama ya Tanzania. Kumpa maandishi ni bora kuliko kumnyima, lakini si sawa na kumsimulia.

Nikaanza upya na video. Wenzake watano, viziwi wote, walikuja nyumbani Jumapili nne mfululizo. Tulitumia simu ya kawaida juu ya kistendi, kuhariri nikafanyia Kdenlive, kubana mafaili FFmpeg. Hakuna programu niliyolipia hata shilingi. Siku ya kwanza nyuma ya msimuliaji tulitundika kitenge, kilipendeza, na video zote tukazitupa: vidole vilipotelea kwenye maua ya kitenge. Shuka la rangi moja, nguo ya rangi moja iliyo tofauti na ngozi, mwanga kutoka mbele, na fremu iache nafasi ya viwiko na juu ya kichwa. Uso uonekane vizuri, maana nusu ya sarufi iko usoni.

Kosa la pili ni langu tena. Niliandika hati kwa Kiswahili nikawaambia "tafsirini". Wakatafsiri. Tulipoitazama, mmoja wao akacheka akasema kilichotoka ni Kiswahili kilichovaa mikono. Wakaniomba niondoe karatasi, nilete picha na ramani ya kisiwa niitandaze mezani. Wakauliza maswali saa nzima. Kisha dada mmoja akasimama na kusimulia. Kwanza alikiweka kisiwa hewani mbele yake, akaweka bara huku, akapitisha majahazi, akapandisha jumba juu ya mwamba, na kila alichokiweka kilibaki pale pale hadi mwisho wa hadithi. Dakika mbili na nusu. Hati yangu ya kurasa tatu haikufua dafu.

Halafu majina. Viziwi hawamtaji mtu kwa kuandika herufi moja moja kila mara. Humpa alama ya jina, mara nyingi kutokana na sifa yake. Sultani al-Hasan bin Sulaiman, mwenye jumba la Husuni Kubwa, tumwiteje? Nikawaeleza kwamba Ibn Battuta aliandika kuwa sultani aliyemkuta Kilwa alikuwa na lakabu ya Abu al-Mawahib, baba wa vipawa, kwa ukarimu wake. Wote watano wakanitazama kama mtu aliyekuwa anawaficha. Alama walishaipata: kilemba, halafu mikono miwili inayotoa. Watu wa karne ya 14 walikwisha kumpa alama ya jina, sisi tumeihamishia mkononi tu.

Bwawa la pembe nane lilichukua mchana mzima na nusura watu wagombane.

Na lile suala la macho? Dawa yake mdogo wangu ndiye aliyeileta. Video haiendi mfululizo. Msimuliaji anasema: tazama kuba, hesabu, kisha nirudie. Picha inasimama yenyewe na kusubiri. Ukishatazama kuba unagusa kioo, simulizi linaendelea. Video kumi na nne, na karibu zote zina vituo viwili vitatu vya namna hiyo.

Sasa kibuyu chenyewe. Ni Raspberry Pi Zero 2 W (kompyuta nzima kwenye kibao kidogo), kadi ya kumbukumbu, na pawabenki ya 20,000 mAh, vyote ndani ya kikopo cha plastiki. Kinarusha Wi-Fi yake (kwa programu za hostapd na dnsmasq), na ndani yake programu ya nginx inatoa ukurasa wenye video. Intaneti haihitajiki. Nimebana video hadi nusu megabiti kwa sekunde, dakika moja inakula kama MB 4, kwa hiyo ziara nzima haifiki MB 150. Kwa matumizi ya wati mbili hivi pawabenki inakaa zaidi ya siku nzima. Kwa kuwa ni kidogo, sikuhitaji kutoboa ukuta wa mtu wala kufunga kitu kwenye magofu: kinakaa kwenye begi la mmoja wa wageni. Kwa nini kibuyu? Kwa sababu mdogo wangu alisema mganga akifungua kibuyu chake watu huona mambo.

Tulikwenda nacho mwezi uliopita, watu sita. Matatizo yafuatayo sijayamaliza:

Simu ikiunganishwa na kibuyu inagundua hakuna intaneti, inakimbilia data yenyewe na ukurasa unapotea. Jua la Kilwa saa sita linafuta kioo chote. Watu wakizidi watano wakitazama kwa pamoja, video zinakwama. Na la nne ndilo zito, nitalisema nikiona uzi umechangamka.

---

kokoto

Mkuu kazi nzuri sana. Ila hao mabubu wangapi wanaokwenda Kilwa kwa mwaka? Nauliza kwa nia njema.

Mwalimu Z

Kokoto, mimi ni kiziwi na ni mwalimu. Tunaitwa viziwi. Sauti ninayo, waulize jirani zangu nikiwa nimekasirika.

Wangapi wanaokwenda Kilwa? Wachache, ni kweli. Mwaka ule nilipopeleka wanafunzi kwenye makumbusho fulani, ambayo siitaji, tulipewa mwongozaji aliyetufokea kwa sauti kubwa zaidi ili tusikie. Tulikuwa arobaini. Mwaka uliofuata wanafunzi wakaomba tuende ufukweni. Ukihesabu wageni utasema viziwi hawapendi historia.

kokoto

Samahani sana mwalimu. Nimejifunza.

Mwalimu Z

Imepita. Sasa nije kwa mleta uzi.

Umefanya jambo ambalo wengi hawafanyi, la kuondoa karatasi mezani. Shule ya kwanza ya viziwi nchini, ya Tabora, ilianza 1963, na kwa miaka mingi shule zetu zilishikilia tusome midomo na tutoe sauti, alama tukazijengea bwenini usiku. Ndiyo maana ukimpa mzee kiziwi karatasi ndefu anakurudishia. Mdogo wako hakukosa akili, alikosa mtu wa kumfundisha kwa lugha yake.

Nina mawili. La kwanza: usiache maandishi kabisa. Wako waliopata uziwi ukubwani, wazee wetu wengi, na hao hawajui alama hata moja. Kiswahili ndicho lugha yao na manukuu yatawafaa sana. Kiziwi si mtu wa aina moja. La pili: hiyo alama yenu ya bwawa iwekeni wazi watu waibishanie. Watano wa Dar hawawezi kuipangia nchi nzima. Lindi na Mtwara kuna viziwi, na wao ndio majirani wa Kilwa.

fundi_kibuyu

Mwalimu, la kwanza nakubali, naongeza manukuu yanayowashwa na kuzimwa. La pili limenichoma kidogo kwa sababu ni kweli. Hatukumwita mtu yeyote wa Kilwa.

nginx_na_chai

Hilo la simu kukimbia: Android ikiunganishwa huuliza anwani fulani ikitegemea jibu tupu lenye namba 204. Elekeza maswali yote ya majina kwenye Pi yako kwa dnsmasq, halafu nginx ijibu 204 kwenye hiyo njia ya generate_204. Simu itatulia.

La watu watano, Pi Zero ina antena ya kuchekesha. Usiwaache watiririshe. Ukurasa uhifadhi video kwenye simu mara moja wanapokusanyika Masoko wakisubiri mashua, halafu kisiwani kibuyu kizimwe kabisa.

fundi_kibuyu

Nimejaribu la 204 jana. Simu za zamani zimetulia. Mpya zinauliza pia kwa njia ya https, inayohakiki tovuti ni ya nani, na hapo siwezi kujifanya, kwa hiyo bado zinamuuliza mtumiaji kama anataka kubaki. Nimeweka mchoro wa kidole kinachogusa "ndiyo" kwenye bango la mwanzo.

Kuhifadhi Masoko ni wazo zuri, tatizo simu za watu zimejaa. Mmoja wetu alikuwa na MB 60 tu zilizobaki, nyingine zote ni video za harusi.

MvitaLeo

Hodi kutoka Mombasa. Huku kwetu twasema Lugha ya Ishara, hata Katiba ya 2010 yaiita hivyo: Ibara ya 7 yataka serikali iikuze, na Ibara ya 120 yaiweka sambamba na Kiswahili na Kiingereza kama lugha rasmi za Bunge. Nyinyi mwasema alama. Na si jina tu, lugha zenyewe ni mbili. Binamu yangu kiziwi akienda Dar huelewana nao baada ya siku kadhaa, lakini hadithi ya dakika mbili humpita.

Kwa hivyo swali langu: je, kibuyu chako chaweza kuwa na lugha zaidi ya moja? Naiona Fort Jesus hapa. Ngome ilianzwa 1593, ikazingirwa na Waomani kuanzia 1696 hadi 1698, hadithi yenye njaa na maradhi na watu kufa ndani mpaka wakabakia watu wa kuhesabika. Ile ni hadithi ya kusimuliwa kwa mikono kabisa. Na kule mtandao upo, kivuli kipo, hamna haja ya pawabenki.

fundi_kibuyu

Ndugu yangu karibu. Ndiyo, nimepanga mafaili kwa msimbo wa lugha wa kimataifa: tza ni ya Tanzania, xki ya Kenya, ugn ya Uganda. Kila kituo kina folda zake, ukurasa unamuuliza mgeni mwanzoni kwa kumwonyesha sura za wasimuliaji, anagusa anayemwelewa. Bendera nimezikataa, mtu asidhani anaulizwa pasipoti.

Wewe ukibadilisha video na ramani, msimbo uliobaki ni ule ule. Chukua, sihitaji hata ahsante. Ila tafuta wasimuliaji kabla hujatafuta kifaa.

Mwongozaji77

Nimesoma kimya kimya. Mimi naongoza wageni, si Kilwa lakini ni kazi hiyo hiyo. Niseme ukweli wangu: kila mwaka anakuja mtu na kifaa. Mara sauti za kusikiliza kwa earphone, mara msimbo wa kuskani ukutani. Mgeni akishapewa kifaa anasema "sihitaji mwongozaji". Sisi tunakula wapi?

fundi_kibuyu

Kaka, swali la haki. Safari yetu ya mwezi uliopita mwongozaji alikuwepo na alilipwa kamili. Kilichobadilika ni kwamba mazungumzo yalikuwepo. Watu wamekwisha kujua habari ya msingi, wakamuuliza mambo ambayo mimi nisingeyawazia: chokaa ya matumbawe ilichomwaje, boriti zilitoka wapi, nani anaruhusiwa kuvua pale chini. Alijibu kwa kuchora mchangani kwa kijiti. Nilitafsiri mara tatu tu siku nzima.

Mwongozaji77

Kuchora mchangani hiyo nimeipenda. Basi nifundisheni hata alama ishirini. Karibu, tazama, njoo, hatari, choo, maji, ngazi, zamani, mfalme. Nikizijua hizo mgeni ataniona mimi kabla ya kifaa chenu.

Mwalimu Z

Ya kwanza haitaki hata kujifunza: usianze kueleza kabla hawajakutazama. Pili, usisimame na jua mgongoni kwako, tutaona kivuli kinachopiga domo. Tatu, ukishaonyesha kitu, funga mdomo. Subiri warudi kwako. Hizo tatu bure, ishirini zako nitakurekodia.

BaridiKali

Nafuatilia kutoka huku kwenye theluji. Nafanya kazi ya programu. Samahani nikiwa mkali: kurekodi watu kwenye shuka ni njia ya jana. MediaPipe, programu ya Google, ni huria, inasoma nukta 21 za kila mkono kwa kamera ya simu. Avata zipo. Mtu anaandika maandishi, kikaragosi kinaashiria. Mkibadilisha sentensi moja hamrekodi upya. Kwa nini msiende huko moja kwa moja?

Mwalimu Z

Kwa sababu nukta 21 za mkono haziinui nyusi. Swali letu liko kwenye nyusi. "Hapana" yetu iko kwenye kichwa. Kikaragosi ninachokiona mtandaoni kinaongea kama mtu aliyechomwa sindano ya ganzi.

Shirikisho la Viziwi Duniani na chama cha kimataifa cha wakalimani walishatoa tamko kuhusu hizi avata mwaka 2018, wakitahadharisha zisichukue nafasi ya mkalimani.

BaridiKali

Mwalimu, tamko nimelisoma. Hofu yao kubwa ni habari za moja kwa moja, zile zinazobadilika na zenye uzito. Kwa habari iliyoandaliwa mapema isiyobadilika, waliacha mlango wazi, mradi viziwi washirikishwe. Kituo cha magofu ni habari isiyobadilika. Kilwa haitahama.

Mwalimu Z

Hoja nzuri, nakupa. Basi niambie avata yako imejifunza Lugha ya Alama ya Tanzania kutoka wapi?

BaridiKali

Hapo sina jibu. Data haipo. Ingehitaji video nyingi sana za watu wenu wakisimulia.

fundi_kibuyu

Na hapo ndipo penye lile la nne nililosema ni zito. BaridiKali umelifungua mwenyewe bila kujua.

Nilipomaliza nilitaka kuweka kila kitu huria. Msimbo, ramani, hati, video. Video nilitaka kuzipandisha Wikimedia Commons, ghala la wazi la picha na video mtandaoni, kwa leseni ya Creative Commons ili mtu yeyote azitumie. Nikawaeleza wale watano: yeyote anaweza kupakua, kukata, kuchanganya, hata kuuza, mradi awataje. Na leseni hiyo ukishaitoa huwezi kuirudisha.

Wanne wakasema sawa. Yule dada aliyesimulia dakika mbili na nusu akauliza: "Wewe ukiandika kitabu, watu wanachukua maneno yako. Mimi wakichukua maneno yangu wanachukua na uso wangu. Kesho nikiona uso wangu unatangaza dawa ya nguvu za kiume nitafanyaje?"

Sikuwa na la kusema. Mtu anayeandika anaweza kujificha nyuma ya jina kama sisi humu. Anayesoma kwa sauti anaweza kubadilishwa sauti. Anayesimulia kwa alama hana pa kujificha, uso wake ndio maandishi. Ukiuziba, umefuta nusu ya sentensi. Na hizo video nyingi ambazo avata inazihitaji, ndizo hizi hizi.

Kwa hiyo kwa sasa msimbo uko chini ya GPL (leseni ya programu huria), hati na ramani ni CC BY-SA (tumia, nitaje, nawe ugawe kwa leseni hiyo hiyo), na video ziko ndani ya kibuyu tu, kwa makubaliano ya karatasi moja: msimuliaji akisema toa, natoa.

nginx_na_chai

Mkuu nakuheshimu, lakini basi usiite huria. Mimi ni muumini wa zamani wa mambo haya. Huria nusu ni kama mimba nusu. Jumba la makumbusho likitaka kuzitumia litaanza kukutafuta wewe na yule dada kila mara. Ukifa je?

fundi_kibuyu

Iite upendavyo, sitabisha. Nikifa msimbo upo na kila mtu anarekodi wasimuliaji wake. Hilo naona hata ni bora: Lindi wakirekodi wa kwao, Mombasa wa kwao.

nginx_na_chai

Hilo la mwisho ninalikubali kwa shingo upande. Lakini weka maelezo ya kurekodi ndani ya hifadhi ya msimbo, la sivyo kila mtu atatundika kitenge.

BaridiKali

Swali la yule dada limenifungia laptopu leo. Huku kazini tunakusanya video za namna hiyo na sijawahi kusikia mtu akiuliza hivyo kwenye kikao.

kokoto

Mleta uzi, hiyo alama ya bwawa hatimaye iliamuliwaje? Umetuacha hewani.

fundi_kibuyu

Haikuamuliwa. Kuna kundi la "pembe": kidole kinachora pembe nane hewani halafu maji. Ni sahihi lakini inachosha, kufika pembe ya sita mtazamaji keshasahau. Kuna kundi la "umbo": viganja viwili vimekunjwa kama bakuli lenye kona. Mdogo wangu yuko peke yake, anataka alama ya seremala anayepima kwa hatua, kwa sababu yeye ndivyo alivyolijua. Kwenye video tumeweka ya bakuli.

Mwalimu Z

Ya mdogo wako si alama ya bwawa, ni alama ya mdogo wako. Mpeni iwe jina lake.

fundi_kibuyu

Hahaha mwalimu, nimemwonyesha. Amekubali, tena haraka.

MvitaLeo

Nimezungumza na binamu yangu pamoja na wenzake wawili hapa Majengo. Wako tayari kuanza na vituo vitatu tu vya Ngome. Lakini wamekataa shuka, wataka kusimulia wakiwa ndani ya ngome yenyewe, mizinga nyuma yao. Wasema hadithi ya mzingiro haisimuliwi chumbani.

fundi_kibuyu

Upepo hausumbui, hatuchukui sauti. Jua ndilo tatizo: asubuhi mapema au jioni, na ukuta nyuma yao uwe kivulini. Nendeni na mtu wa pili wa kushika karatasi nyeupe kubwa ya kurudisha mwanga usoni. Kirasmi, ombeni ruhusa mapema, na mwambieni mhusika kwamba mnakwenda na simu, hamna kamera kubwa wala kifaa cha kuruka.

MvitaLeo

Tumeelewana. Nitarudi hapa na picha.

Mwongozaji77

Mwalimu, alama zangu ishirini bado nazisubiri.

Mwalimu Z

Nimerekodi kumi na mbili. "Choo" nimeiweka ya kwanza, utanishukuru.

fundi_kibuyu

Tunarudi Kisiwani Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Safari hii tumepata watu watatu kutoka Lindi, na wamekwisha kutuma ujumbe kwamba alama yetu ya bakuli kwao inamaanisha uji. Tunakutana gatini Masoko saa mbili asubuhi kabla jua halijapanda. Simu ziwe na nafasi, video za harusi mzihamishe.